Sibonyezi Mpaka Mzigo Ufike

Kila siku ya shule, kabla hajavaa sare, Rehana alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuchota maji bombani na kuwasha moto wa kuchomea korosho. Ile ya tatu ndiyo iliyomkera. Moshi wa korosho hauna adabu hata kidogo. Unaingia machoni, unajificha kwenye nywele, unapanda mpaka kwenye kamba ya nguo. Wanafunzi wenzake walipomwambia kwamba ananuka jiko, aliwajibu kwamba afadhali jiko kuliko uvivu. Ulimi wa Rehana haukujua likizo, na pale mtaani Rahaleo, mjini Mtwara, watu wazima walishazoea kusema kwamba mtoto wa Farida ana maneno.

Korosho zikishachomwa na kupoa, mama yake alitandika mkeka barazani akaanza kubangua pamoja na jirani yake, Mama Mastura. Ni kazi ya kukaa, lakini si kazi ya kupumzika. Unaiweka korosho juu ya jiwe, unaigonga kwa kipande cha mti, kisha unachomoa kiini kikiwa kizima. Kikivunjika, bei nayo imevunjika. Tena ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Akina mama wale walijipaka majivu mikononi, lakini majivu hayakuzuia yote. Vidole vya Farida vilikuwa vimebabuka na kuwa vyeusi, na kuna siku alishindwa hata kukanda unga wa chapati.

Rehana aliumia kila alipoviangalia vidole vile. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini hakuwa mtu wa kuumia kimya kimya.

"Mama, hivi mpaka lini?" aliuliza siku moja aliporudi shuleni. "Kuna mashine za kubangulia. Nimeziona kwenye simu. Unakanyaga hapa chini, visu vinapasua ganda, kiini kinatoka. Mafuta hayakugusi."

"Ziko wapi hizo?" Farida aliuliza.

"China. Kuna soko la mtandaoni la dunia nzima. Mtu ananunua akiwa hapa hapa Mtwara, mzigo unaletwa."

Mama Mastura alicheka mpaka kipande cha mti kikamtoka mkononi. Alikuwa mzaliwa wa kijiji cha Madimba, na lafudhi ya Kimakonde haikuwahi kumtoka. "Ntoto huyu! Mimi kwenda Mikindani hapo tu nachoka, yeye anataka kunipeleka China!"

Lakini alipooneshwa video ya mashine ile, kicheko kilikatika. Aliitazama mara ya kwanza, akaomba arudiwe, kisha akavitazama vidole vyake mwenyewe. Jioni ile ile akina mama hao wawili walikubaliana. Walikuwa na akiba ya msimu mzima, waliyoiweka kidogo kidogo kwa kujinyima. Pesa hiyo ndiyo ingenunua mashine. Ikipotea, hakukuwa na nyingine.

Rehana alipewa kazi ya kutafuta duka. Aliyapata mawili. La kwanza lilikuwa la siku nyingi, lenye wanunuzi wengi walioweka picha za mashine zao na maoni yao, mazuri na mabaya. La pili lilikuwa jipya kabisa. Halikuwa na picha ya mnunuzi hata mmoja, ila lilikuwa na video ya kupendeza na bei ya chini sana. Rehana aliona bei ile akasahau mengine yote. Alitaka mama yake aseme kwamba binti yake ni mjanja.

"Hawa wanaaminika?" mama yake alimuuliza.

"Wanaaminika, mama. Nimewaangalia," alijibu Rehana. Alichokuwa ameangalia ni bei tu.

Siku ya kulipa, mjomba Shafii alikuja na kadi yake ya malipo ya mtandaoni. Shafii alikuwa mdogo wake Farida, fundi wa simu mwenye kibanda karibu na stendi, na kwa mambo ya simu familia nzima ilimtegemea. Farida hakukubali kulipa hivi hivi. Tangu azaliwe hajawahi kununua hata fungu la dagaa bila kupatana bei, na hakuona sababu ya kuanza tabia mbaya ukubwani. Akamwamuru Rehana amwandikie muuzaji apunguze kidogo.

Muuzaji alijiita Lina. Maneno yake yalipitia kwenye programu ya kutafsiri, kwa hiyo yalifika yakichechemea. "Mpendwa mteja, salamu yenye joto. Bei mimi naweza kushuka. Wewe usilipe hapa. Tuma pesa moja kwa moja kwangu, mimi napunguza sana."

"Umeona, dada?" mjomba Shafii alifurahi. "Ukijua kuongea na watu vizuri, mambo yanakwenda. Tumtumie."

"Hapana, mjomba," alisema Rehana. Alimwonesha maandishi mekundu yaliyojitokeza juu ya ujumbe wa Lina. "Soma hapa. Ukilipa nje ya soko, soko halikulindi. Ukilipa ndani, pesa haiendi kwa Lina. Inashikwa na soko mpaka mzigo ufike na sisi tubonyeze kitufe hiki cha 'Nimepokea'. Ndipo Lina analipwa. Tukimtumia mkononi, akitudhulumu tutamlilia nani?"

Mjomba alikuna kichwa. Farida hakufurahi kuona punguzo likimponyoka, lakini neno "kudhulumu" lilimwingia. Wakalipa ndani ya soko. Mjomba Shafii aliingiza namba za kadi mwenyewe, huku amempa kila mtu mgongo. "Hizi hata wewe mpwa wangu usizione," alisema, na kwa hilo alikuwa sahihi kabisa.

Wakangoja. Wiki zilikwenda, mashine haikuja. Kila alipoulizwa, Lina alijibu kwa maneno matamu: meli imechelewa, forodha imeshika, subiri kidogo rafiki mwema. Mama Mastura alishawatangazia majirani habari ya mashine, na sasa majirani walianza kuuliza kwa sauti ya utani kama mashine yenyewe inakuja kwa miguu.

Ijumaa moja mchana, simu ya Farida ililia. Rehana alisoma ujumbe kwa sauti.

"Mpendwa mteja, mzigo wako umefika katika nchi yako. Tafadhali bonyeza 'Nimepokea' leo. Bosi wangu anakata mshahara wangu kwa sababu yako. Mtoto wangu ana homa, mimi sina pesa ya dawa. Bonyeza leo, mzigo utaupata kesho. Mimi ninalia."

Farida aliweka chini korosho aliyokuwa ameishika. Uso wake ulibadilika.

"Bonyeza," alisema.

"Mama, mzigo haujafika."

"Umefika nchini. Si umesoma mwenyewe? Bonyeza."

Ili kumwelewa Farida, lazima mtu ajue kilichompata zamani. Mwaka mmoja alimuuzia tajiri fulani korosho zake zote alizobangua. Tajiri alichukua mzigo, akamwambia njoo kesho. Kesho ikawa keshokutwa, keshokutwa ikawa mwezi ujao. Farida alikwenda na kurudi mikono mitupu huku Rehana, wakati huo mtoto mdogo, akilia njaa nyumbani. Siyo yeye peke yake. Kule kusini nani asiyejua uchungu wa kungoja pesa ya korosho? Tangu wakati huo Farida aliapa kwamba hatamcheleweshea mtu malipo yake hata kwa saa moja. Alimlipa muuza maji kabla ndoo haijatua. Kwake yeye, kukalia jasho la mtu ulikuwa ni ushenzi mtupu.

"Mwanamke mwenzangu ana mtoto mgonjwa," alisema. "Mimi ni nani nikalie pesa yake? Nimeyaonja hayo, Rehana. Bonyeza."

Rehana alimwangalia mama yake. Alimpenda kwa huruma ile, na wakati huo huo aliogopa kwa sababu ya huruma ile. Akaona wazi jinsi akiba yote inavyoweza kutoweka kwa mguso mmoja wa kidole.

"Sibonyezi," alisema.

Nyumbani mwa Farida mtoto hakuwahi kumjibu mzazi namna hiyo. Mama Mastura aliinua uso akatoa macho.

"Ntoto nkaidi huyu! Hivyo ndivyo unavyonjibu nzazi wako?"

Rehana hakurudi nyuma. "Nisamehe, mama. Ukitaka nichape. Ukinituma popote nitakwenda. Lakini hiki kitufe ni cha kusema nimepokea, na mimi sijapokea kitu. Sibonyezi mpaka mzigo ufike."

Farida aliinyakua simu. Kusoma alijua, na kitufe kilikuwa pale pale mbele ya macho yake. Kidole chake cheusi kilisogea mpaka karibu na kioo.

"Mama, ukibonyeza hatuna tena pa kulalamika," alisema haraka. "Na ulinzi wa soko unaisha Jumapili. Baada ya Jumapili, hata tusipobonyeza, pesa inakwenda kwa Lina. Yeye anajua hilo, ndiyo maana analia leo. Twende posta sasa hivi tukaulize. Kama mzigo upo, nitabonyeza mbele yako, na nitamwomba Lina radhi kwa mkono wangu."

Farida alikuwa na hasira, lakini hakuwa dhalimu. Alivuta pumzi, akajifunga kanga vizuri. "Twende. Na ukiwa umemsingizia yule mwanamke, leo utanitambua."

Posta walimkuta mfanyakazi aliyeitwa Upendo, mwanamke mwenye asili ya Mbeya aliyehamia Mtwara kikazi na ambaye hakuonekana kuchoshwa na maswali. Rehana alimwamkia, akampa namba ya mzigo waliyopewa na Lina. Upendo aliiandika kwenye kompyuta yake, akasoma, akakunja uso.

"Mama, mlinunua kitu gani?"

"Mashine ya kubangulia korosho," alijibu Farida. "Ya chuma."

"Mzigo wenye namba hii haukuletwa Mtwara kabisa. Umekwenda Tabora, na umeshapokelewa huko na mtu mwingine." Upendo akaongeza, "Na uzito wake ni kama pakiti ndogo ya majani ya chai."

Farida hakuelewa mara moja. "Labda wamekosea njia. Labda mashine imekwenda Tabora."

"Mama, mashine ya chuma yenye uzito wa majani ya chai?" Rehana aliuliza.

Upendo aliwaeleza taratibu, bila kuwacheka. Wapo wauzaji wadanganyifu, alisema, wanaotuma kitu cha bure kwa mtu yeyote, ili namba ioneshe kwamba mzigo umefika. Kisha humbembeleza mnunuzi aseme amepokea, au humsubirisha mpaka muda wa ulinzi uishe. "Taarifa hii unaweza kuipata hata kwenye simu yako," alimwambia Rehana. "Ingiza namba, piga picha ya kitakachotokea kiooni, uipeleke kwa wenye soko kabla ya Jumapili. Na msije mkabonyeza."

Walitoka nje wakakaa kwenye ngazi za posta. Farida aliiweka simu mapajani. Alionekana kama mtu aliyepigwa. Kilichomuuma si pesa tu. Kilimuuma kwamba mtu alichukua jambo ambalo yeye Farida aliliheshimu kuliko yote akalifanya mtego.

Hapo Rehana angeweza kujisifu. Alikuwa ameshinda, na kwa kawaida Rehana akishinda hata kuku wa jirani walisikia. Lakini hakujisifu. Aliona aibu, tena aibu nzito.

"Mama," alisema, "mimi ndiye niliyelichagua lile duka. Uliponiuliza kama wanaaminika nilisema ndiyo. Sikuangalia. Halikuwa na mnunuzi hata mmoja. Niliona bei ndogo, nikataka uniambie nina akili."

Farida alimgeukia. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa. Baadaye nikadhani mzigo utafika tu, na hakuna atakayejua."

"La leo umefanya vizuri," alisema mama yake. "Lile la siku ile umenikosea, tena umemkosea na Mama Mastura. Utamwambia mwenyewe kwa mdomo wako." Kisha akampa simu. "Haya, hayo malalamiko yanafunguliwaje?"

Waliyafungua pale pale kwenye ngazi. Rehana alipiga picha ya taarifa ya mzigo, sehemu inayoonesha mji na sehemu inayoonesha uzito. Akaandika kwa kifupi walichonunua na kilichotokea, bila matusi na bila kutia chumvi. Akatuma. Walipofika nyumbani, alimweleza Mama Mastura kosa lake lote huku amesimama. Mama Mastura alimnunia mpaka siku ya pili, naye Rehana alivumilia kununiwa, kwa sababu alistahili.

Lina hakukaa kimya. Jumamosi asubuhi maneno yake yalikuwa asali. Aliomba wafunge malalamiko, naye atawarudishia pesa yote kwa njia ya haraka zaidi. Kulikuwa na sharti moja dogo: mjomba Shafii apige picha kadi yake pande zote mbili, kisha amtumie na namba ya siri itakayoingia kwenye simu yake.

Mjomba Shafii alifika barazani akihema, simu mkononi. "Dada, mambo yamekwisha! Picha za kadi nimeshamtumia. Namba nayo imeshaingia, hii hapa. Nimtumie?"

Safari hii siye Rehana aliyepiga kelele. Farida aliruka kutoka kwenye mkeka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Usitume! Shafii, una wazimu? Siku ile hata mtoto wangu ulimgeuzia mgongo asione namba za kadi, leo umezimwaga kwa mtu aliyetuuzia majani ya chai! Anayerudisha pesa anahitaji namba yako ya siri ya nini?"

Ndipo ilipomwingia mjomba. Namba ile ilikuwa ya kuidhinisha pesa itoke kwenye kadi, wala haikuwa ya kuingiza. Aliifuta, akapiga simu kuifunga kadi ile moja kwa moja, na siku hiyo hakutoa ushauri mwingine kwa mtu yeyote.

Asali ilipokosa mnunuzi, Lina akaleta pilipili. "Wewe mteja mbaya. Mimi naripoti jina lako polisi. Wewe hutanunua tena katika dunia. Funga malalamiko leo au utajuta."

Rehana aliusoma ujumbe huo kwa sauti ndogo. Pamoja na ujasiri wake wote, neno "polisi" lilimtisha. Farida yeye alicheka, tena kicheko kirefu ambacho Rehana hakuwa amekisikia kwa wiki nyingi.

"Polisi? Mwambie aje nao. Kituo hakiko mbali, mimi mwenyewe nitawaelekeza njia." Akajiweka sawa kwenye mkeka. "Andika mwanangu. Andika hivi: mzigo ukifika nitabonyeza. Usipofika, tafuta mtu mwingine wa kumlilia. Mimi ni Farida wa Rahaleo, nabangua korosho, na machozi ya uongo hayanipati tena. Umeandika? Tuma."

"Nkaidi kama ntoto wake," alisema Mama Mastura, lakini alikuwa anatabasamu.

Jumapili ikapita. Kwa kuwa malalamiko yalifunguliwa mapema, soko lilizuia pesa isiende kokote mpaka liamue. Hizo zilikuwa siku ngumu. Bombani watu walisema kwamba akina mama wamenunua hewa. Shuleni mvulana mmoja alimuuliza Rehana kama mashine ya China inabangua pia mdomo. Rehana alimjibu kwamba kama ingekuwepo, ingeanza na mdomo wa huyo anayeuliza. Lakini nyumbani alikosa hamu ya kula, kwa sababu hakuwa na hakika. Kusimama imara ni jambo moja, na kujua kwamba utashinda ni jambo lingine.

Jibu lilikuja siku ya shule. Rehana aliporudi alimkuta mama yake amesimama mlangoni, simu ameishika kwa mikono yote miwili.

"Soma," alisema Farida. "Mimi nimeshasoma, lakini nataka niisikie."

Soko lilikuwa limewapa haki. Muuzaji alishindwa kuonesha kwamba alituma mashine, kwa hiyo pesa yote ilikuwa inarudi kwenye akaunti ya mjomba Shafii, na duka lake lilifungiwa. Mama Mastura alipiga kigelegele kilichowatoa majirani wote nje. Rehana alikaa chini kizingitini akalia kwa furaha, bila kujali nani anamwona.

Mtu angedhani baada ya hapo Farida angelikimbia soko lile maisha yake yote. Mjomba Shafii ndivyo alivyoshauri. Lakini Farida alikuwa na kiburi chake. "Mwizi mmoja hanifukuzi sokoni," alisema. "Nikiibiwa viazi kwenye soko la mjini, nitaacha kula viazi? Mashine naitaka, na nitaipata."

Safari hii aliongoza mwenyewe. Alimkalisha Rehana karibu na kumwambia, "Usianze na wanaosifu. Nisomee kwanza wanaolalamika." Wakasoma malalamiko yote ya lile duka la siku nyingi. Mmoja alisema rangi haikuwa ile aliyoitaka, mwingine alisema visu vinahitaji kunolewa mara kwa mara. Hakuna aliyesema hakupata mzigo. Mnunuzi mmoja wa Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, alikuwa ameweka picha ya mashine yake ikiwa imezungukwa na maganda ya korosho. Farida aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu akaridhika. Bei ilikuwa kubwa, ikawabidi wabangue na kuuza kwa miezi kadhaa zaidi ili kuongezea. Kisha wakalipa kwa kadi mpya ya mjomba Shafii, ndani ya soko, bila kumtumia mtu yeyote kitu pembeni.

Mashine ilifika. Upendo wa posta alipiga simu mwenyewe, na sanduku lilikuwa zito kiasi kwamba mjomba Shafii na dereva wa bajaji walilibeba wakiguna. Wakalifungua barazani mbele ya majirani. Waliangalia kila kipande na kukilinganisha na picha za dukani. Mjomba akaiunga mashine. Farida akakaa, akaweka korosho mahali pake, akakanyaga. Visu vikapasua ganda, na kiini kikaanguka sahanini kikiwa kizima, cheupe, kisafi. Mama Mastura naye akajaribu, akajaribu tena, mpaka ikabidi aondolewe kwa kuvutwa kanga.

Rehana alikuwa amekaa pembeni na simu, akifurahia tamasha.

"Rehana," mama yake alimwita, "umebonyeza?"

"Bado, mama. Tuna siku nyingi za kubonyeza. Muda haujaisha."

Farida aliacha kukanyaga. Uso wake ukawa mkali.

"Nisikilize vizuri mwanangu, maana wewe ni mwepesi wa kujifunza nusu ya jambo. Siku ile ulikataa kubonyeza, ukanipinga mbele za watu, na ulikuwa na haki. Tulikuwa hatujapokea kitu. Mtu akitaka kukuharakisha kwa machozi au kwa vitisho, simama pale pale, hata kama anayekuharakisha ni mimi mama yako. Nunua kwenye duka linalojulikana, lipa ndani ya soko, siri za kadi usimpe mtu, na kama hujui jambo useme hujui. Hayo yote ni ya kujilinda wewe." Akaigonga mashine kwa kiganja. "Lakini huyu wa leo ametimiza ahadi yake. Kuna mtu huko China ameamka asubuhi, akafunga sanduku hili vizuri kitu kisivunjike, na sasa anangoja jasho lake. Akili haikukatazi kuwa na utu. Mwizi asikufanye ukawatesa na waaminifu. Unangoja nini? Bonyeza!"

Rehana akabonyeza.